Kiunzi cha Mfupa: Angalia Tundu Kwanza

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, wanafunzi, asalaam alaykum na habari za jioni.

Jiwe hili mnaliona? Walio nyuma litawafikia baadaye. Ni tumbawe la aina ya Porites. Limetoka kwenye kifusi cha nyumba iliyobomoka, sikulichokoa baharini, kwa hiyo watu wa mazingira mliomo humu msinitolee macho. Mafundi wa mwambao wanalijua tangu zama: hukatwa chini ya maji likiwa bichi na laini, huchongwa upesi, likikauka linakaza. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, na yapo mpaka leo.

Nalisimamisha hapa kwenye kisahani cha maji yenye rangi nyekundu. Tuliache, tuendelee na mfupa.

Mfupa ukivunjika tu, ukanyooshwa na kutulizwa, kwa kawaida huunga wenyewe. Tabu inaanza pale kipande kinapopotea: ajali ya pikipiki imesaga muundi, uvimbe wa saratani umekatwa, au usaha umeula mfupa. Pengo la sentimita tano kwenye muundi usitegemee lizibe lenyewe. Tiba ambayo bado haijapitwa ni kuchota mfupa wa mgonjwa mwenyewe kwenye nyonga. Una seli hai, na mwili haukatai kilicho chake. Lakini cha kuchota si kingi, na wapo wagonjwa ambao mguu umeshapona nao bado wanalalamikia nyonga.

Ndipo watu wakatafuta kiunzi: kitu cha kujaza pengo, seli za mfupa zikishike, zijenge juu yake, nacho kiyeyuke polepole kadiri mfupa mpya unavyochukua nafasi. Mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan, huko Marekani, walieleza katika jarida la Nature jinsi ya kuligeuza tumbawe. Tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ukilipika pamoja na fosfeti kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, ndani ya chombo chenye shinikizo kubwa, kaboneti inageuka kuwa haidroksiapatiti, ambayo ni ndugu wa karibu sana wa madini ya mfupa. Umbo halibadiliki. Vitundu vinabaki kama mnyama wa baharini alivyoviacha: kwenye Porites vina upana wa maikromita 200 hivi (maikromita elfu moja ni milimita moja), kwenye tumbawe jingine, Goniopora, karibu 500. Bidhaa za namna hiyo zilifika hadi vyumba vya upasuaji.

Hebu tazameni kisahani. Rangi imeshapanda, na hakuna aliyeisukuma. Imepanda kwa sababu vitundu vinapitana. Jiwe linaweza kuwa tundu tupu kwa asilimia 80, lakini kama kila tundu limejifungia, damu haiingii, na seli iliyo mbali na kapilari, kile kimshipa chembamba cha damu, kwa zaidi ya maikromita 200 hivi hukosa oksijeni. Kwa miaka mingi kipimo cha chini kilichotajwa ni maikromita 100. Siku hizi wengi wanapendelea 300 na kuendelea, mishipa ya damu ipite kwa raha. Mimi nikisoma taarifa ya kiunzi kipya, kitu cha kwanza ninachotafuta ni upana wa milango kati ya tundu na tundu. Mara nyingi hakimo. Utakuta asilimia ya uwazi, yaani sehemu iliyo tundu tupu, picha nzuri ya hadubini, basi.

Sasa gharama yake. Ukiongeza uwazi, nguvu inashuka, tena kwa kasi. Ukakamavu, yaani ugumu wa kupindika, hufuata takriban mraba wa sehemu iliyo ngumu: ukibakiza asilimia 20 ya kitu chenyewe, umebaki na kama asilimia 4 ya ukakamavu. Na haidroksiapatiti ni kauri. Haipindi, inapasuka kama kigae.

Mfupa wenyewe unaepukaje kupasuka hivyo? Kwa uzito, karibu theluthi mbili ni madini. Kinachobaki ni kolajeni zaidi, ile protini ya nyuzinyuzi, na maji. Loweka mfupa wa kuku kwenye siki siku kadhaa, madini yatoke: utaupinda kwa mkono. Uchome hadi uwe mweupe, kolajeni iungue: utavunjika kwa vidole. Kwa hiyo maabara nazo zikaanza kuoanisha, polima, yaani jamii ya plastiki, kwa madini.

Njia moja rahisi iko hivi. Unayeyusha polikaprolaktoni, polima inayovunjika polepole mwilini, kwenye klorofomu, unatia unga wa haidroksiapatiti, kisha chumvi iliyochekechwa ibaki chembe za maikromita 300 hadi 400. Klorofomu ikishapaa, unatumbukiza donge majini na kubadilisha maji tena na tena. Chumvi inatoka, mahali pake panabaki tundu. Chumvi ikiwa kidogo, chembe hazigusani, na nyingine zinanaswa ndani moja kwa moja. Unga nao hupenda kutuama chini, na polima ikiufunika wote, seli haziugusi hata kidogo. Umetia madini ya mapambo. Ukitumia asidi ya polilaktiki, polima nyingine, badala yake, inapovunjika hutoa asidi, na hapo unga unasaidia kuipoza.

Muda nao ni mtihani. Haidroksiapatiti iliyochomwa vizuri hukaa mwilini miaka. Trikalsiamu fosfeti ya beta, kauri nyingine ya kalsiamu, huondoka mapema zaidi. Polikaprolaktoni huchukua miaka miwili au zaidi. Kiunzi kikiwahi kuisha, mfupa mpya haujawa tayari kubeba mzigo. Kikikawia, kinaukalia nafasi.

Mfupa wa sponji, ule wa ndani wenye vitundu, hustahimili mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha shinikizo) 2 hadi 12, mfupa mgumu wa nje zaidi ya 100. Viunzi vingi vya polima na madini vyenye uwazi mkubwa hupigania lile kundi la kwanza, tena mara nyingi vimepimwa vikavu, na mwilini hakuna ukavu. Kwa hiyo fundi chuma haondoki: msumari au bamba libebe uzito.

Kwa pengo kubwa, madaktari wengi hufuata njia ya Mfaransa Alain Masquelet. Wanajaza saruji ya mfupa, plastiki inayoganda kama saruji, wanaiacha wiki sita hadi nane mpaka mwili uifunge kwa utando wenye mishipa ya damu, kisha wanaitoa na kutia mfupa wa nyonga ndani ya utando huo. Wa nyonga usipotosha, unachanganywa na chembe za kauri yenye vitundu. Hapo ndipo kiunzi kilipofika kwenye muundi: kuongezea mfupa wa mgonjwa, bado si kuuondoa.

Jiwe nalipitisha sasa, msilishike chini, rangi inachafua. Karibuni maswali.