Ile Nyota Ifuteni, Wekeni Proksi

Asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena, kwa sababu kila mradi ninaoletewa niukague naikuta nyota ileile. Nafungua mipangilio ya bekendi, yaani upande wa seva, nakuta heda (mstari wa maelezo unaosafiri na jibu) ya Access-Control-Allow-Origin imepewa alama ya nyota, yaani ukurasa wa tovuti yoyote duniani uruhusiwe kusoma majibu. Nikimuuliza aliyeiweka, ananijibu: "Kwenye kompyuta yangu ilikuwa inagoma."

Ilikuwa inagoma kwa nini? Hapo ndipo nataka tukae.

Frontendi, upande anaouona mtumiaji, umeiwasha kwa Vite, seva ya kutengenezea kurasa, iko localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, poti 5173. Bekendi ni Django, mfumo wa Python wa kujengea seva, iko poti 8000. Kompyuta ni moja na mwenyewe ni wewe, lakini kwa kivinjari hizo ni asili mbili, maana asili huhesabiwa kwa itifaki, jina la seva na poti. Kimoja kikitofautiana, hao ni wageni kwa wageni. Kanuni ni kwamba ukurasa husoma majibu ya asili yake tu. Wengine humu imewazidi umri, ilianza na kivinjari cha Netscape Navigator 2 katikati ya miaka ya tisini. Kazi yake ni kuhakikisha ukurasa ulioufungua kwenye dirisha hili hausomi barua pepe zako zilizo wazi kwenye dirisha la pili.

Sasa tazameni kinachotokea. Ukurasa unaomba orodha ya bidhaa. Konsoli ya kivinjari inaandika maandishi mekundu: CORS, yaani utaratibu wa seva kuruhusu asili ngeni isome majibu yake. Mtu anashika kichwa. Hebu hamisha macho uangalie terminali ya Django. Imeandika GET /api/bidhaa/ na mwisho wa mstari kuna 200. Mia mbili, yaani mambo sawa! Ombi lilifika, hifadhidata ikasomwa, jibu likarudi mpaka ndani ya kivinjari, na ni kivinjari kilichokataa kuikabidhi JavaScript yako jibu hilo. Leo usiku fungueni madirisha hayo mawili ubavu kwa ubavu mjionee. Aliyeiona mistari hiyo kwa pamoja hasemi tena kwamba seva imemkatalia.

Kuna anayesema moyoni: mbona nikitumia Postman, ile programu ya kutuma maombi kwa seva, inafanya kazi? Inafanya kazi kwa sababu Postman si kivinjari. Haina dirisha la pili lenye akaunti yako ya benki, kwa hiyo haina wa kumlinda. curl, ile ya kutuma maombi kwa kuandika amri, ni hivyohivyo. Tafadhali, msiniletee tena Postman kuwa ushahidi kwamba kivinjari ni kibovu! Na yule anayewasha Chrome na --disable-web-security, yaani anaizima kanuni hiyo, nakusihi uache. Wateja wako hawatafungua Chrome namna hiyo, kwa hiyo unajenga kitu ambacho hujawahi kukiona kama watakavyokiona wao.

Na hiyo nyota haikufikishi mbali. Siku unayoongeza kuingia kwa akaunti, ombi linabeba vidakuzi, zile alama zinazomtambulisha aliyeingia, na kivinjari hakikubali nyota pamoja na vidakuzi. Hapo mtu anatafuta tafuta mtandaoni, anapata dawa mbaya kuliko ugonjwa: chukua heda ya Origin iliyokuja na ombi, inayotaja asili ya ukurasa ulioomba, irudishe kama ilivyo, ongeza Allow-Credentials, ya kuruhusu vidakuzi, iwe true. Vidakuzi bado vinagoma kusafiri, anaweka SameSite=None ili visafiri hata ombi likitoka tovuti ngeni. Kila kitu kinakubali, anafurahi, anapandisha kwenye seva. Amefanya nini? Mteja wake aliyeingia kwenye mfumo akifungua ukurasa wa tapeli, ukurasa huo unaweza kuuliza taarifa zake kwa jina lake na kuzisoma zote. Nimeukuta mpangilio huo kwenye mfumo unaotumika, wenye taarifa za watu, na aliyeuweka alikuwa keshahamia kazi nyingine. Ulianza kama suluhisho la muda kwenye laptopu. Ndiyo maana napiga kelele.

Dawa yenyewe ni proksi, yaani mjumbe anayepokea ombi na kulipeleka kwa seva nyingine, na ni mistari michache. Kwenye vite.config.js, chini ya server, weka proxy: njia ni '/api', na target ni http://127.0.0.1:8000. Kisha kwenye msimbo wako andika fetch('/api/bidhaa/') tu, bila jina la seva wala poti. Kivinjari kinaongea na 5173 peke yake, na Vite ndiyo inayolichukua ombi na kulipeleka kwa Django. Seva ikiongea na seva, hakuna kivinjari katikati cha kuuliza asili. Yale maombi ya OPTIONS, ya kivinjari kuomba ruhusa kwanza, yanayotangulia kila mara unapotuma JSON yanaondoka, na vidakuzi vinakaa bila kubembelezwa.

Mtaniambia: mwalimu, unatuongezea kitu kingine cha kuharibika. Lakini kitu hicho mnacho tayari kwenye seva halisi! Wengi wenu mna nginx mbele, seva inayopokea maombi yote, na ndani yake location /api/ yenye proxy_pass, inayoyapeleka kwa bekendi. Mimi nasema kompyuta yako ifanane na huko unakopeleka kazi. Kama API yako, yaani njia ya programu kuuliza bekendi yako, kweli ni ya kutumiwa na tovuti za wengine, CORS ndiyo njia halali, basi ziandike asili hizo kwa majina, moja moja.

Naona saa inanikimbiza, kwa hiyo haya mengine nayapitia haraka. Nimeandika 127.0.0.1 kwa makusudi: tangu toleo la 17 la Node, inayoiendesha Vite, localhost inaweza kwenda kwanza ::1, anwani ya IPv6 ya kompyuta hiyohiyo, ilhali runserver ya Django inasikiliza 127.0.0.1, ukapata ECONNREFUSED, yaani muunganisho umekataliwa, ukadhani Django imelala. changeOrigin ya proksi usiiwashe bila sababu, inabadilisha Host, yaani jina la seva inayoombwa, na Django kuanzia toleo la 4.0 inalinganisha Origin na Host, kwa hiyo POST zako zitarudi na 403 ya CSRF, yaani zimekataliwa na kinga dhidi ya maombi ya kughushi. Ukiandika target kwa kifupi kama maneno matupu, Vite inaiwasha changeOrigin yenyewe, basi andika umbo refu na uiweke false. WebSocket, muunganisho unaokaa wazi, inataka ws: true. Mnaojenga frontendi kwa Angular, faili lenu ni proxy.conf.json.

Proksi hii haiingii kwenye vite build, ile amri ya kutengeneza mafaili ya kupandisha. Ukishajenga unabaki na mafaili tu, na njia ya /api lazima nginx iijue. Na majibu ya M-Pesa, ile callback, hayo yanatoka nje kuja kwako, proksi hii haiyahusu kabisa, yanahitaji anwani ya wazi kwenye intaneti.

Rewrite, yaani kubadilisha njia ya ombi kabla ya kulipeleka, nimeiacha, tutaifanya kwa vitendo. Wenye laptopu sogeeni mbele, fungueni vite.config.js.