Arobaini Imefika, Mume Anahesabu

JUMA: Karibuni tena. Nipo na dada Salma, mkunga wetu. Msikilizaji ametutumia sauti: kajifungua kwa njia ya kawaida, akashonwa, sasa wiki ya sita, anauliza kama wanaweza kurudia tendo la ndoa. Mume anahesabu arobaini kama mtu anayesubiri mshahara.

SALMA: (anacheka) Arobaini haina filimbi, Juma. Kuna anayekuwa tayari wiki ya sita, kuna wa miezi mitatu bado. Aangalie kwanza, damu ya uzazi imekata? Kondo likitoka linaacha kidonda ndani ya mji wa mimba. Damu ikiwa bado inatoka, kidonda hakijafunga, na wadudu wana njia ya kuingilia.

JUMA: Na wa upasuaji? Mtaani tunasema huyo chini hakuguswa.

SALMA: Kwani kondo lake lilibaki? Kidonda cha ndani anacho, na cha tumbo juu yake. Naye asubiri.

JUMA: Msikilizaji wetu anasema walishajaribu, ikauma, akavumilia.

SALMA: Hapo pa kuvumilia ndipo sipapendi. Ukinyonyesha, homoni ya estrojeni inashuka, uke unakuwa mkavu. Mume asidhani hapendwi. Wanunue kilainishi cha maji duka la dawa, wasiharakishe, na mama akae juu ili kina akipime mwenyewe. Kama wanatumia kondomu, Vaseline na mafuta ya nazi wayaache, mpira unapasuka. Ikiuma, wasimamishe palepale. Ikizidi kuuma siku nyingine, mshono uangaliwe.

JUMA: Mama mkwe naye anasema watambemenda mtoto, yaani atadhoofu kwa sababu wazazi wanalala pamoja akiwa bado ananyonya.

SALMA: Shahawa haziingii kwenye maziwa, hilo amwambie kwa adabu. Ila wazee kuna kitu walikiona. Mtoto ana miezi minne, mama kashika mimba nyingine, ziwa linakatwa, mtoto anapewa uji mwepesi kama maji. Lazima adhoofu! Kilichomwangusha ni kukosa ziwa.

JUMA: Lakini hajaziona siku zake bado.

SALMA: Yai linatangulia, damu inafuata. Unaweza kubeba mimba bila kuona hedhi hata moja. Kunyonyesha kunakinga vizuri, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana, hata maji hapewi, na hedhi haijarudi. Likivunjika moja, atafute njia nyingine ya kuzuia mimba. Kijiti cha mkononi au kitanzi cha ndani ya mji wa mimba anaweza kuwekewa huku ananyonyesha. Vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni mbili avisubirishe mpaka mtoto avuke miezi 6.

JUMA: Hizo njia anazipata wapi?

SALMA: Si wiki hii anampeleka mtoto chanjo? Basi naye apande kitandani aangaliwe. Wengi wanatoka kliniki kadi ya mtoto imejazwa, mama hata presha hajapimwa. Aombe, asione haya. Na akiona homa, harufu mbaya, au damu nyekundu imerudi inajaza pedi, asingoje kliniki, aende hospitali siku hiyohiyo.

JUMA: Mume je, afanye nini muda wote huo?

SALMA: Mtoto akilia saa nane usiku, akishanyonya, ambebe yeye, ambadilishe nepi, mama alale. Mtu asiyelala hamu ataitoa wapi?

JUMA: Mh! Hapo mashemeji wote wameshazima simu.