Uvimbe kwenye korodani sio kansa kila mara, lakini usikae nao nyumbani

Haya jamani, leo naongelea korodani, au kende, kila mtu anajua kwao wanaitaje, na naomba tusione aibu maana hiyo aibu ndo inachelewesha watu.

Chukua mwanaume wa miaka 50 na kitu. Wiki kadhaa nyuma mkojo ulikuwa unamchoma, akameza dawa, choma choma ikaisha akaona mambo yameisha. Sasa korodani moja imekuwa nzito, ngumu kama jiwe, wala haiumi sana. Anapigwa altrasaundi, kuna uvimbe, na kwenye picha unafanana kabisa na kansa, vipimo vya damu navyo vikiwa safi bado haviondoi wasiwasi kwasababu zipo kansa za korodani ambazo hazipandishi kitu kwenye damu. Anapasuliwa, korodani inatolewa. Ikifika maabara wanaikata, ndani ina rangi ya njano-njano, wanaweka kwenye hadubini… hamna kansa. Ni uvimbe sugu wa kinga ya mwili tu, unaitwa okaitisi ya granuloma, na ni nadra kweli kweli.

Sasa inakuwaje? Mbegu zinaanza kutengenezwa mtu akibalehe, wakati huo askari wa mwili, yaani seli za kinga, walishasoma zamani nani ni ndugu na nani mgeni, kwahiyo mbegu zinafichwa nyuma ya ukuta. Ukuta ukibomoka, kwa maambukizi au kwa kupigwa teke, inadhaniwa askari wanaziona mbegu kama wavamizi, wanazizingira na hawaondoki tena.

Kuna uvimbe mwingine usio kansa, unaitwa malakoplakia, hii mi ndo inanisikitisha zaidi. Bakteria, mara nyingi E. coli yuleyule wa mkojo, anamezwa na seli ya kinga alafu seli inashindwa kumsaga. Anabaki humo nusu mzima, kalisiamu na chuma vinajipaka juu yake tabaka kwa tabaka mpaka inakuwa kiduara chenye doa katikati, ukikitazama ni kama jicho la bundi linakuangalia. Madaktari Michaelis na Gutmann walivieleza viduara hivyo mwaka 1902 na mpaka leo vinaitwa kwa majina yao.

Tibii, yaani kifua kikuu, nayo inafika huko, tena hata aliyewekewa BCG, ile chanjo ya tibii, kwenye kibofu kutibu kansa ya kibofu anaweza kuvimba korodani baadae, sasa huyo asiposema historia yake daktari atajuaje?

Mnaniuliza sana kwanini wasichome sindano kwanza wachukue kinyama. Kwasababu kama ni kansa, kuchoma pale kwenye mfuko wa korodani kunaweza kuimwaga njiani, ndo maana wanapasulia kwenye kinena. Ndio, wengine wanapoteza korodani ambayo haikuwa na kansa, inauma, lakini ile iliyobaki ikiwa nzima inatosha kwa homoni na mara nyingi hata kwa kuzaa. Haya, yule wa nyuma aliyeinua mkono, uliza.