Saa Iliyozidi Ina Mwenyewe

Mafundi wa sauti na taa, wabeba spika, nanyi waratibu mliojificha huko nyuma karibu na mlango, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie kazi inayopita muda wake. Mnaijua. Mmeambiwa mwisho ni saa nne usiku. Mgeni rasmi amekwama kwenye msongamano wa Thika Road, hotuba zinaanza jua likizama, na msanii mkuu anapanda jukwaani saa sita. Mteja anamgeukia fundi: "Nisaidie kidogo tu, kaka."

Msimamo wangu ni kwamba kila saa iliyozidi ina mwenyewe. Yuko aliyechelewesha shoo au aliyeomba irefushwe, na bili ni yake. Ila sisi huanza kumtafuta jenereta ikishazimwa. Wakati huo mteja amekwenda kulala, msimamizi anasema bajeti imeisha, na kijana aliyebeba spika tangu alfajiri anapewa pole na nauli ya bodaboda.

Kwa hiyo andikeni kabla ya siku yenyewe: saa ya kuripoti, saa ya kuachiliwa, bei ya kila saa baada ya hapo, na jina la mtu mwenye ruhusa ya kusema "endeleeni". Mtu mmoja, si kamati nzima ya harusi! Muda ukifika, mtumieni ujumbe: "Saa nne imetimia. Tukiendelea, ni bei ile tuliyokubaliana. Tuendelee?" Akijibu "sawa", ushahidi mnao. Akinyamaza, msimamizi amfuate alipo, hata kama ni meza ya wageni wa heshima.

Kwa walioajiriwa kwa mwezi, hesabu ipo tayari. Amri ya jumla ya mishahara hapa Kenya inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku sita, na saa 60 kwa kazi ya usiku. Ovataimu ni mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. Bei ya saa hupatikana kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 225. Anayepata shilingi 45,000, saa yake ni 200, ya ziada 300, na akifanya ovataimu Jamhuri Dei ni 400. Nasi Jamhuri Dei, wengine wakichoma nyama, tunavuta nyaya.

Vibarua je? Sheria ya Ajira ya 2007 inamweleza kibarua kuwa anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi mtu aliyeitwa Uhuru Gardens Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, akaachiliwa Jumapili saa nne asubuhi, mnamwitaje? Waratibu, hilo nawaachia.

Lakini hata pesa ikilipwa yote, usingizi haununuliki. Saa tisa usiku ndipo utamwona mtu anachomoa waya wa umeme kabla hajauliza kama jenereta imezimwa, au anasimama chini ya vyuma vya taa huku mwenzake akivishusha kwa winchi, macho yamefumba nusu. Hapo nauliza swali moja tu: ni kipi lazima kiondoke usiku huu? Maikrofoni na mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ndiyo, zifungiwe kwenye gari. Vyuma vilivyo juu vinaweza kungoja mwanga, uwanja ukiwa bado umekodiwa na mlinzi yupo. Ndiyo maana mkikodi uwanja, kodini na asubuhi ya kubomoa jukwaa.

Na nauli pia. Kutoka Kasarani hadi Kayole saa tisa usiku si safari ya kumwachia mtu aijue mwenyewe; gari la kuwarudisha liwe kwenye bajeti kama dizeli ilivyo. Aliyefika kwake saa kumi na moja alfajiri asipangwe kuripoti saa mbili asubuhi kwenye ukumbi wa KICC. Najua mtaniambia watu ni wachache. Basi msichukue shoo mbili.