Alhamisi ni siku ya ngapi?

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Nimeombwa nizungumzie kitabu kimoja tu, nami naanza kwa kuomba radhi, maana nitaitoa siri yake yote hadharani. Kama yupo aliyepanga kukisoma na hataki kuondolewa utamu, chai iko pale nje. Hakuna anayetoka? Haya, msije mkanilaumu.

Kitabu chenyewe ni The Man Who Was Thursday, yaani Mtu Aliyekuwa Alhamisi, riwaya ya Mwingereza G. K. Chesterton. Kilitoka 1908, enzi za Mfalme Edward VII. Nakala yangu imepita mikononi mwa watu sita au saba, imerudi haina jalada, na kila aliyeisoma amerudi na ugomvi wake. Leo nataka kuzungumzia ugomvi huo kuliko kitabu.

Kwanza kumbukeni hofu ya wakati ule. Rais Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu 1894. Mfalme Umberto wa Italia alipigwa risasi 1900, Rais McKinley wa Marekani mwaka uliofuata. Waliofanya hayo walikuwa wapinga dola, watu wasiotaka serikali ya aina yoyote. Na pale London, mwaka uleule wa 1894, bomu lilimlipukia aliyelibeba karibu na kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich. Msomaji wa gazeti alikuwa akiogopa kweli. Chesterton akaichukua hofu hiyo akaifanya kichekesho.

Anayo mashine moja ya kuchekesha ambayo sijaiona ikifanya kazi vizuri hivyo kwingine. Syme, mshairi, anabishana na mshairi mwenzake Gregory, ambaye kila siku anajigamba kuwa ni mpinga dola na hakuna anayemwamini. Gregory anaudhika. Anamwapisha Syme asitamke neno kwa polisi, kisha anampeleka kilabuni, meza inazama nao chini ya ardhi, wanatokea kwenye ghala la mabomu. Usiku huo Gregory anatarajia kuchaguliwa kuingia baraza kuu la watu saba, kila mmoja akiitwa kwa jina la siku. Kiti cha Alhamisi kiko wazi. Sasa Syme naye anamwapisha Gregory asimwambie mtu, halafu anamnong'oneza: mimi ni kachero.

Tazameni walivyofungana. Huyu hawezi kuita polisi, na yule hawezi kuwaambia wenzake. Wajumbe wanaingia, Gregory anasimama kuomba kura, na kwa kuwa polisi amekaa palepale anamsikiliza, inambidi aeleze kwamba wao ni watu wapole wasiomdhuru nzi. Wajumbe wananuna. Syme anasimama, anamwaga hotuba ya moto na damu, anapigiwa makofi, anachaguliwa. Kachero ndiye Alhamisi! Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala, na abiria wa pembeni alisogea kidogo.

Lawama ninayoisikia zaidi ni hii: "Mwalimu, nilishajua." Alijua kwamba wajumbe wengine nao ni makachero. Ndiyo. Baada ya Syme wanafichuliwa watano, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kadi yake ya bluu ya polisi, mpaka anabaki mwenyekiti tu, Jumapili, jitu kubwa kama jengo. Na huyo naye ndiye aliyekuwa gizani kwenye chumba cha polisi akiwaajiri wote. Kufikia kadi ya tatu hata mtoto ameshaelewa. Lakini anayelalamika hivyo amekishika kitabu kama fumbo, na kitu kilichofumbuliwa kinamkinaisha. Mimi naona huku kujua mapema ndiko kunakoleta kicheko. Kwenye jukwaa la vichekesho, mume akiwa amejificha chini ya kitanda, ni nani ukumbini asiyejua yuko wapi? Tunacheka kwa sababu tunajua na yule mke hajui. Syme anakimbizwa katika theluji ya London na profesa mzee aliyepooza, asiyeweza hata kupanda ngazi, lakini kila Syme akigeuka, mzee huyo yuko nyuma yake. Ukishahisi kwamba mzee naye ni polisi, na anamwogopa Syme vilevile, ukurasa unachekesha mara mbili.

Mwingine, kijana mkali, aliniambia haya hayawezekani, genge zima liwe la polisi? Nikamtajia Azef. Yevno Azef aliongoza kikosi cha mauaji cha wanamapinduzi wa Urusi, kikosi kilichomuua waziri wa mambo ya ndani, Plehve, 1904. Miaka yote hiyo alikuwa akipokea mshahara wa polisi wa siri wa Tsar. Alifichuliwa mwishoni mwa 1908, kitabu hiki kikiwa kimeshatoka miezi kadhaa. Chesterton alibuni mzaha, Urusi ilikuwa nao tayari, na kule haukumchekesha mtu.

Hapo ndipo lawama iliyonigusa zaidi. Katika riwaya kuna kikosi maalumu cha makachero wanafalsafa. Polisi wa kawaida, wanasema, husoma daftari la hesabu na kujua kwamba uhalifu umetendeka, bali wao husoma kitabu cha mashairi na kujua kwamba uhalifu utatendeka. Mwingereza wa 1908 anacheka, maana kwake polisi kusoma mashairi ni jambo la ajabu. Dada mmoja niliyemwazima hakucheka hata kidogo. Akaniuliza, "Abdilatif Abdalla je?" Sikuwa na la kusema. Abdilatif alifungwa miaka mitatu Kenya, 1969 hadi 1972, kwa ajili ya kijikaratasi alichoandika, na mashairi yake mengine akayatunga gerezani. Kwetu kachero anayesoma mashairi si kiroja. Tangu siku hiyo nikifika ukurasa ule natabasamu nusu.

Wapo wanaolalamika kwamba hamna wanawake. Kweli, yuko mmoja, dada yake Gregory, anaonekana mwanzo na mwisho. Sina utetezi.

Mwisho wenyewe ndio unaowagawa watu kabisa. Jumapili anatoroka, anapanda tembo wa bustani ya wanyama na kupita naye mitaani, anarusha vikaratasi vya upuuzi, anaruka na puto, na ghafla tumo katika karamu ambapo wale sita wamevikwa mavazi ya siku za uumbaji, na Jumapili anasema yeye ni Sabato. Wengine wanadai huyo ni Mungu, na wanakasirika kwamba wameuziwa mahubiri ndani ya hadithi ya kijasusi. Chesterton mwenyewe alijibu gazetini tarehe 13 Juni 1936, akifariki kesho yake: watu hawakusoma jina lote la kitabu, ambalo linaongeza kwamba hii ni jinamizi. Si picha ya dunia ilivyo, bali ya dunia kama wakata tamaa wa siku zile walivyoieleza. Mimi jibu hilo haliniridhishi. Mtu akishamtia Jumapili kinywani swali la Yesu katika Injili, "Mwaweza kunywea kikombe ninywacho mimi?", hawezi kutuambia alikuwa amelala. Ila Gregory anapotokea pale karamuni na kuwashitaki kwamba wao wenye mamlaka hawajawahi kuteseka, kitabu kinasimama wima tena. Ule mzaha wote, wa kufukuzana na kuogopana, unageuka kuwa jibu lao: na sisi tumeteseka.

Nimalizie na kero yangu ya tafsiri, maana nimejaribu nikashindwa. Katika karamu, Syme amevaa jua na mwezi, vilivyoumbwa siku ya nne, kwa sababu kwao hesabu inaanza na siku yetu ya Jumatatu. Sasa mwambie Mswahili kwamba Jumatatu ni ya kwanza! Sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi. Alhamisi kwa Kiarabu ni ya tano, na Jumatano nayo ni ya tano, kwa hiyo barazani tuna wajumbe wawili wenye namba moja. Na yule mwenyekiti wa kutisha, mkubwa kuliko wote, jina lake linamfanya kuwa wa pili. Mzee pale nyuma, naona umeinua mkono. Karibu.