Kigeuze Uone Mgongo: Mazungumzo Kuhusu Vioo vya Kale

MWANAIDI: Asalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena. Leo ni vioo. Vile vya kale vya ukutani, vyenye fremu za kuchongwa, ambavyo watu siku hizi wanavitafuta kwa udi na uvumba. Kaka Idrisa mbona umenuna?

IDRISA: Sijanuna dada. Nina kesi, nitaisema baadaye.

MWANAIDI: Isemee hapa hapa.

IDRISA: Basi. Nimerithi kioo cha bibi mzaa baba. Fremu nzuri, ya mbao, ina maua. Lakini kioo chenyewe kilikuwa na madoa, kijivujivu, ukijitazama unajiona kama una homa. Nikapeleka kwa fundi, akatoa kile cha zamani akaweka kipya. Kinang'aa!

MWANAIDI: Ya Rabi. Idrisa, sasa una maiti yenye kanzu mpya.

IDRISA: Ndiyo maana nilitaka nisiseme.

MWANAIDI: Hebu tuanze hapo hapo, kwa sababu kosa hilo wanalifanya wengi. Kioo cha kale unalipia vitu viwili, fremu na kioo. Watu wanaangalia fremu tu. Na kile kioo chenye madoa ndicho kinachokwambia umri wake. Zamani walitandaza karatasi nyembamba ya bati, wakamimina zebaki juu yake, kisha wakatelezesha kioo juu yake na kukikandamiza kwa mizigo siku nyingi mpaka zebaki ya ziada imechuruzika. Ndivyo walivyofanya Venice, Italia, na ndivyo vilivyotengenezwa vioo 357 vya ule ukumbi wa Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, uliokamilika 1684.

IDRISA: Vyote hivyo kwa zebaki?

MWANAIDI: Na mafundi waliovuta mvuke wake, ambao ni sumu. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, akaonyesha njia ya kupaka fedha halisi kwenye kioo. Lakini haikuua njia ya zebaki papo hapo, zilienda pamoja miongo kadhaa. Kwa hiyo mnunuzi lazima ajue anatazama kipi.

IDRISA: Na mimi mtu wa kawaida nitajuaje?

MWANAIDI: Cha zebaki kina rangi ya kijivu, baridi, kama bahari asubuhi ya mawingu. Pale kinapoharibika kinametameta, kama mtu amemwaga vumbi la fedha ndani. Cha fedha kina weupe wa joto zaidi, na kinaharibika kwa madoa meusi na kingo za hudhurungi. Kisha geuza mgongo. Cha zebaki mgongo wake ni ile bati na zebaki tupu, kijivu, hakijapakwa kitu. Cha fedha kimepakwa rangi ya kukilinda, mara nyingi nyekundu au hudhurungi.

IDRISA: Wauzaji hawapendi ugeuze.

MWANAIDI: Basi usinunue. Mimi dukani naanza na mgongo, hata sijajitazama. Mbao za nyuma zina alama za randa ya mkono au zimekatwa sawasawa kama za kiwandani? Zimeiva rangi kwa umri au zimepakwa chai? Skrubu ina kichwa cha msalaba? Hizo zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hiyo akikwambia cha karne ya 19, muulize skrubu zilitoka wapi. Zaweza kuwa zimebadilishwa, si uongo lazima. Lakini atoe maelezo.

IDRISA: Halafu kuna ule mtihani wa kalamu.

MWANAIDI: Ehee. Gusisha ncha ya kalamu kiooni. Baina ya ncha na taswira yake kuna upenyo, na upenyo huo unatokana na unene wa kioo. Vya zamani mara nyingi ni vyembamba, kwa hiyo upenyo mdogo. Kisha sogeza kichwa taratibu ukitazama ukuta wa nyuma yako: ukuta ukicheza kidogo, kama kupitia maji, kioo hakikutoka mashine ya juzi. Lakini mtihani mmoja hautoshi, uchukue yote pamoja.

IDRISA: Na dhahabu ya fremu?

MWANAIDI: Dhahabu ya kweli haifubai. Zile fremu zilizopakwa rangi ya dhahabu ya kopo hugeuka hudhurungi, nyingine kijani. Pale ilipobanduka, chini utaona kitu cheupe, ni chaki iliyochanganywa na gundi, ndiyo iliyokuwa chini ya karatasi za dhahabu. Huo mbanduko usiuzibe kwa rangi ya kopo, tafadhali! Na kagua matundu ya bungua. Pigapiga kidogo, ukiona unga mpya unadondoka, mdudu yuko nyumbani. Hapo mimi naondoka.

IDRISA: Sisi huku vioo hivi vilifikaje?

MWANAIDI: Kwa meli, na vilipendwa sana. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyekuwa sultani wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vya Unguja alivyokulia: kuta zenye vidaka vilivyopangwa vyombo, na baina ya vidaka vioo virefu vinavyofika darini, vilivyoagizwa Ulaya kwa vipimo. Fikiria, mtu anapima ukuta Unguja, kipimo kinakwenda na meli, kioo kinarudi.

IDRISA: Vya kujitazama?

MWANAIDI: Ndipo ninapotaka kufika. Nyumba zile kuta nene, madirisha yanaangalia ndani. Kioo kirefu kinakamata mwanga kidogo ulioingia na kuurudisha chumbani. Cha kujipaka wanja nunua kipya. Cha kale kiweke ukuta wa pembeni mwa dirisha, kipokee mwanga. Madoa yake hapo ni uzuri.

IDRISA: Na kabla ya kukitundika?

MWANAIDI: Simama pale kitakapokaa, geuza mgongo ukutani, tazama mbele. Hicho unachokiona ndicho kioo kitakachokuonyesha kila siku. Kama ni friji na madumu ya maji, umetundika madumu mawili zaidi.

IDRISA: Na zile kuta zetu za Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe na chokaa! Msumari unaingia kama kwenye halua.

MWANAIDI: Na unatoka vilevile usiku wa manane. Tafuta fundi atafute jiwe gumu, atie nanga mbili za kushika skrubu, si moja, na chini yake kijiubao kibebe uzito. Mimi changu kikubwa nimekiegemeza tu juu ya kabati, na kamba ya usalama nyuma. Pia acha nafasi baina ya mgongo na ukuta, vipande viwili vya mpira vinatosha, kwa sababu kuta zetu zinanyonya unyevu na chumvi. Kusafisha, kitambaa kikavu. Usinyunyizie dawa kiooni, inateremka mpaka ukingoni, inaingia nyuma, mwaka ujao una utepe mweusi.

IDRISA: Na zebaki, haina hatari?

MWANAIDI: Kikiwa kizima, mgongo umefunikwa kwa ubao, kipo ukutani, watu wanaishi nacho. Hatari ni kukifungua. Usikwangue mgongo, usifagie. Miaka ikipita zebaki huteremka taratibu, kwa hiyo ukiona vijitone vinavyong'aa chini ya fremu au kwenye ubao wa nyuma, usiviguse, weka watoto mbali, fungua madirisha. Fundi wako alikifanyia nini kile cha zamani?

IDRISA: Alikikata, akatengeneza vioo vidogo vya saluni.

MWANAIDI: Subhanallah. Na ubao wa nyuma?

IDRISA: Ule ubao upo. Shangazi kauchukua.

MWANAIDI: Kaufanyia nini?

IDRISA: Dada, ubao mzuri, mpana, laini...

MWANAIDI: Idrisa.

IDRISA: Anakatia vitunguu.

MWANAIDI: Mpigie simu. Hapana, sasa hivi, maikrofoni iache wazi.