Hofu ya Muuguzi Mpya Wodini

Mhadhara uliotolewa mjini Kisumu mbele ya wauguzi waliohitimu karibuni, wakufunzi wao na wasimamizi wa wodi

Wauguzi wenzangu mliohitimu juzi, wakufunzi mliowalea, wasimamizi wa wodi mliotoka zamu mkaja hapa moja kwa moja, nanyi wazazi mliowasindikiza watoto wenu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie hofu inayompata muuguzi katika miezi yake ya kwanza kazini, pamoja na yale mashaka ya kujiuliza kila asubuhi kama kweli anastahili sare aliyoivaa. Nitautaja msimamo wangu mapema, ili anayetaka kunipinga wakati wa maswali apate nafasi ya kujipanga. Naamini kwamba hofu hiyo, kwa sehemu kubwa, inalingana na uzito wa kazi mliyokabidhiwa, na kwamba madhara huanza pale inapofichwa.

Mmefaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya na leseni mnayo. Lakini leseni haimwandai mtu kwa lile linalotokea siku ya kwanza, pale mgonjwa anapomwita "daktari" na jamaa zake wote wanageuka kumtazama wakingoja neno. Mwaka 1974 mtafiti Mmarekani Marlene Kramer aliueleza kwa kina mshtuko anaoupata muuguzi anapotoka chuoni na kuingia wodini, akaonyesha kwamba chanzo chake ni pengo lililopo kati ya uuguzi unaofundishwa darasani na uuguzi unaowezekana kazini. Chuoni mlifundishwa kumhudumia mgonjwa mmoja kikamilifu, kumwogesha, kumsikiliza, kuandika mpango wa huduma yake hatua kwa hatua. Wodini mtakuta watoto wawili kwenye kitanda kimoja, glavu zinahesabiwa, na zamu inakwisha kabla hujamaliza kugawa dawa. Muuguzi mpya anapoliona pengo hilo, hudhani limo ndani yake, kana kwamba angekuwa hodari zaidi glavu zingetosha. Mengi mnayojilaumu kwayo si yenu, na ni haki yenu kulitambua hilo.

Patricia Benner, naye Mmarekani, mwaka 1984 aliigawa safari ya muuguzi katika hatua tano, kuanzia asiye na uzoefu hadi bingwa, akamweka aliyehitimu karibuni katika hatua ya pili. Hatua ya tatu, ile ya kuimudu kazi, aliieleza kuwa hufikiwa baada ya miaka miwili au mitatu ya kufanya kazi katika mazingira yale yale. Hebu litafakarini hilo. Anayejilaumu mwezi wa tatu kwa sababu hafanyi kazi kama yule mama mwenye miaka ishirini katika wodi ya wazazi anajidai deni ambalo halijafika siku ya kulipwa. Tena hata mzoefu huyo, akihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi kesho, atarudi kuuliza mambo ambayo wenzake wapya huko tayari wanayajua.

Siku hizi vijana wengi husema kwamba wana ile hali ya kujiona matapeli, iliyoelezwa mwaka 1978 na wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes. Naomba tuwe waangalifu hapa. Wanasaikolojia hao waliandika juu ya wanawake waliokwisha kufanikiwa ambao hawakuamini mafanikio yao wenyewe. Muuguzi wa wiki ya pili ana jambo jingine: yapo mambo ambayo kweli hajayajua. Kumwambia "jiamini tu, unaweza" ni kumtia shime kwa nia njema, lakini ni kumnyima msaada anaouhitaji, yaani mtu wa kumwonyesha.

Chukueni mfano wa wodi ya watoto msimu wa masika, malaria imepamba moto katika ukanda huu wa ziwa. Mtoto wa kilo 12 ameletwa na degedege, ameandikiwa artesuneti ya sindano. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo dozi yake ni miligramu 36. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, kisha huongezwa mililita 5 za salini ikiwa dawa itapitia mshipani, au mililita 2 ikiwa itachomwa msulini. Katika mchanganyiko wa kwanza kila mililita ina miligramu 10, na katika wa pili ina 20. Muuguzi mpya ameshika bomba la sindano, mama wa mtoto hambandui macho, na kichupa kilichoko kwenye toroli kimekwisha kuchanganywa na mwenzake ambaye ameitwa ghafla kwa mgonjwa mwingine. Kimechanganywa kwa njia ipi? Hakuna lebo. Mkono unasita.

Kusita kule ndiko mafunzo yenyewe yanavyofanya kazi. Akiona haya, akabahatisha kwamba ni mchanganyiko wa msuli na kuvuta mililita 1.8, ilhali kichupa kiliandaliwa kwa ajili ya mshipa, mtoto atapata nusu ya dozi katika ugonjwa usiosamehe nusu dozi. Anayetambua shaka yake huiweka kando dawa isiyo na lebo, huandaa nyingine, na kumwomba mwenzake arudie hesabu mbele yake kabla ya kuchoma. Nataka mwone shaka ile iligeuka kuwa nini: haikuwa tena hukumu juu ya nafsi yake, "mimi sifai", ikawa swali juu ya kichupa, nalo likapata jibu. Kazi kubwa ya miezi yenu ya kwanza ni ugeuzaji huo. Kila mashaka yanapowajia kwa sura ya "sijui kitu", yabaneni mpaka yaseme ni kitu gani hasa hamkijui: ni kipimo, ni njia, ni dalili, au ni nani wa kuitwa.

Kuita ndiko kunakowatisha wengi zaidi. Ni saa nane usiku, unajua unapaswa kumpigia daktari, na unajua pia alivyomfokea mwenzako juzi. Moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, na ukipokelewa maneno yanatoka ovyo. Upo utaratibu uliotoka katika nyambizi za jeshi la wanamaji la Marekani ukaja kutumika hospitalini, nao ni wa kupanga maneno katika sehemu nne: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoona wewe, na unachoomba. Kabla ya kupiga, andika kwenye karatasi. "Daktari, ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua saa moja iliyopita anatokwa na damu nyingi. Ni mtoto wake wa tano, na kondo lilitoka lote. Mpigo wa moyo ni 124, presha 90 kwa 50, tumbo la uzazi limelegea. Nadhani uzazi haujajikaza. Nimeukanda, nimempa oksitosini vizio 10, dripu inakwenda. Naomba uje sasa hivi." Aliyeshika karatasi hiyo anaweza kutetemeka sauti na bado mama akapona, kwa sababu daktari anahitaji zile namba na lile ombi.

Kramer na Benner waliandika wakiwa na hospitali akilini, mahali ambapo mzoefu yuko hatua chache. Baadhi yenu mtapangiwa zahanati za vijijini, Nyakach au Budalang'i, ambako huenda muuguzi wa zamu ukawa wewe peke yako. Na aliyesomea Nakuru akapelekwa Busia huenda asielewe hata lugha ambayo bibi mgonjwa anamweleza maumivu yake. Hofu ya mahali kama hapo haitulizwi kwa kuvuta pumzi tu, ingawa kutoa pumzi polepole husaidia mikono kutulia. Hutulizwa mchana, katika wiki ya kwanza, kabla ya dharura. Tafuta namba ya afisa wa kliniki wa kituo cha afya kilicho karibu, ujitambulishe kwake ukiwa huna shida yoyote. Uliza gari la wagonjwa huitwaje na nani hupokea simu usiku. Fungua kabati la dawa za dharura usome tarehe za mwisho wa matumizi. Mhudumu wa afya ya jamii anayekijua kijiji hicho vizuri na lugha yake atakuwa mwenzako wa karibu kuliko unavyodhani, basi mheshimu tangu siku ya kwanza.

Ipo pia hofu iliyovuka mpaka, nayo sitaipamba. Ukikosa usingizi hata siku za mapumziko, ukitapika kabla ya kila zamu, ukawa unahitaji pombe ili ulale au umeanza kugusa dawa za wodi kwa ajili yako mwenyewe, au ukafikia kuona afadhali usingekuwepo, hayo ni maradhi, na yana matibabu. Usingoje yapite yenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwone mtaalamu wa afya ya akili, tena kama unachelea maneno ya watu kazini, nenda kituo kingine ambako hujulikani. Mwambie na mtu mmoja wa nyumbani.

Wasimamizi wa wodi, mengi niliyowaambia vijana hawa yanategemea ninyi. Muuguzi mpya akiuliza swali akajibiwa "kwani hukufundishwa?" hatauliza tena, na siku atakayokaa kimya huenda ikawa siku ya kile kichupa kisicho na lebo. Nafahamu mlivyo wachache na ratiba ilivyo ngumu kupanga. Hata hivyo, katika mwezi wa kwanza msiwapange wapya wawili usiku bila mzoefu. Mkikabidhiana zamu asubuhi, mwulizeni mpya ni jambo gani lililomtatiza usiku, na mjibuni pale pale mbele ya wengine bila kumdhihaki. Na mpatieni mtu mmoja, kwa jina, ambaye mpya huyo ana ruhusa ya kumsumbua wakati wowote. Mkirudi wodini leo jioni, jina hilo liandikwe kwenye ratiba.

Ahsanteni. Sasa niko tayari kupokea maswali, na ningependa tuanze na wahitimu.